Sakafu Yangu, Ngazi ya Byamungu

Vijana mnaozunguka Kampala mkipiga picha majengo ya maktaba, nawaona. Mnaingia mlangoni na kabla hamjamaliza kumsalimu mlinzi shingo zimeshapinda juu, mnatafuta dari. Mnarudi nyuma hatua mbili ili ngazi yote ienee kwenye simu, mnarudi tena hatua mbili, na hatua zote hizo mnamkanyaga Rajabu. Rajabu ni mimi. Nimemwaga sakafu za terazo, ile simenti yenye chenga za mawe inayosagwa mpaka ing'ae, katika mji huu miaka arobaini, maktaba peke yake nimefanya saba, na sijawahi kumwona hata mmoja wenu akielekeza simu chini, isipokuwa imemdondoka.

Nitasema mapema ili asije mtu akanisema nyuma ya mgongo: mimi nina wivu. Si wivu wa mke, huo uliisha magoti yalipoanza kuuma. Ni wivu wa kazi. Nawaonea wivu maseremala, nawaonea wivu waashi wa yale matofali ya matundu, na watu wa vioo ndio usiseme. Mtu wa vioo anabandika kipande chekundu na kipande cha bluu, jua linakuja kufanya kazi iliyobaki, sifa anachukua yeye. Mimi nimepiga magoti wiki sita, na mpaka leo nikisujudu magoti yanalia. Halafu mtu anaingia, anavuta pumzi, anasema jengo hili lina mwanga mzuri.

Haya, nisikilizeni namna ya kuingia maktaba. Nenda asubuhi, jua likiwa bado chini dirishani. Chuchumaa, usione haya, jifanye unafunga kamba ya kiatu. Usiangalie sakafu kutoka juu, iangalie kwa ubavu, kuelekea kwenye mwanga. Kama mwanga unateleza moja kwa moja hadi ukutani, fundi alikuwa mtu. Kama unapandapanda na kushuka, aliyeshika mashine ya kusaga alikuwa na haraka, au alikunywa jana yake. Kisha tazama zile chenga za mawe. Zikiwa zimebanana kama mtama kwenye ungo, vizuri. Ukiona madoa ya simenti tupu, huyo aliiba mawe akauza. Halafu chagua kipande kimoja cha shaba, ile mistari inayogawa sakafu, ukifuate kwa macho mpaka kifike kwenye nguzo, uone kama kimeigonga katikati au kimepita pembeni kama mlevi. Ukimaliza yote hayo, basi, ruhusa, tazama dari.

Na mjue kwa nini maktaba za zamani zina terazo. Vitabu ni vizito kuliko watu wanavyodhani, na kabati likijaa linabonyeza sakafu ya mbao mpaka milango inagoma kufunga. Terazo hailii mtu akitembea. Na mchwa wa Kampala, ambao hawajui kusoma lakini wamemaliza vitabu vingi kuliko maprofesa, hawapiti ndani yake.

Sisi ni Waswahili wa hapa hapa. Babu wa babu yangu alikuja na msafara wa biashara kutoka pwani, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani walitaka niwe mwalimu wa madrasa au muuza vitambaa. Mimi nikamfuata Mzee Kanji, Mhindi mfupi aliyezaliwa Kampala, mwenye nyayo ngumu kama ubao. Alinifundisha kutembea peku juu ya sakafu iliyosagwa mara ya kwanza, macho nimefumba. Alisema jicho linadanganywa na maji, unyayo haudanganyiki. Nilikuwa natembea hivyo chumba kizima, nikihisi kivimbe nasimama, yeye anaweka alama ya chaki kati ya vidole vyangu.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya katika maktaba ndogo ya wauguzi, upande wa kule Mulago. Nendeni mkaione, ina baraza pana na madirisha marefu yanayofunguka juu na chini, hewa ya moto inatoka yenyewe. Mzee Kanji alikwenda msikitini kwao sijui hekaluni, akaniachia kung'arisha. Nikataka arudi akute inametameta. Nikamwaga dawa kali bila kulowesha sakafu kwanza, simenti ikaungua, chumba kikawa na mabaka kama mtu amemwaga maziwa. Mzee Kanji aliporudi hakufoka. Alileta jiwe la mkono na ndoo, akaweka mbele yangu, akaondoka. Nilisugua siku tisa. Wauguzi walikuwa wananiruka wakienda kuchukua vitabu. Mmoja akanionea huruma, akaanza kuniletea chai, na huyo ndiye mama wa watoto wangu, kwa hiyo siwezi kusema nilipata hasara.

Siku tulipomaliza, Mzee Kanji aliniambia kwamba sakafu nzuri ni ile ambayo mtu hajui kama ameikanyaga. Nikamwitikia ndiyo mwalimu. Moyoni nikasema, basi sakafu ya namna hiyo mimi siitaki. Mngejua mapema kwamba moyo wangu uko hivyo, msingeshangaa haya yanayokuja.

Maktaba ninayotaka mwende, hata kama hamtakwenda nyingine yoyote, iko ubavuni mwa kilima cha Makindye. Ni ya duara. Ukuta wake wa nje ni matofali ya matundu kutoka chini hadi juu, na upepo wa ziwa unapita humo bila feni hata moja. Makabati ya vitabu yamefuata ukuta, katikati kumeachwa wazi, na hapo katikati ndipo inapopanda ngazi ya mvule, inajizungusha mara moja na nusu mpaka ghorofa ya kusomea. Paa limeachwa tundu lenye kioo. Saa sita mchana mwanga unashuka katikati ya ile ngazi mpaka chini. Unafika wapi? Kwenye sakafu yangu. Simenti nyeupe, chenga za kijani na nyeusi, na vipande vya shaba thelathini na sita vinaanzia chini ya ngazi na kutawanyika hadi kwenye ukuta. Kila kimoja nilikinyoosha kwa uzi mwenyewe. Sijafanya kazi nzuri kuliko ile, na sitafanya tena.

Ngazi ni ya Byamungu. Huyu alikuwa seremala kutoka Bukavu, amekimbia vita na mke wake na sanduku la vyombo. Laiti angekuwa mtu mbaya. Angekuwa mlevi, au mwongo, au hata mvivu kidogo, ningelala vizuri. Alikuwa anawahi kazini kuliko sote, anagawa chakula chake, vibarua wanamwimbia akipita. Mimi alikuwa ananiita yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili chao. Mke wangu alipomwona mara moja tu, siku ya pili alinifungia vyakula viwili, kimoja cha kwangu na kimoja cha yule Mkongo maskini. Cha Mkongo maskini kilikuwa na nyama zaidi, nilifungua nikaangalia.

Kazi ilianzia juu. Mimi nilimaliza sakafu ya ghorofa ya kusomea kwanza, ikapigwa nta, ikang'aa. Chini bado palikuwa zege tupu. Byamungu alikuwa amesimamisha zile mbao mbili za ubavuni zilizopindwa, hazina kipandio hata kimoja, zimekaa kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Siku hiyo wakaja wageni wenye pesa zao pamoja na msanifu aliyechora jengo. Nilikuwa nimevaa shati safi. Walipandishwa kwa ngazi ya nyuma, wakatokea juu ya sakafu yangu, wakaivuka yote bila kuiona mpaka ukingoni, wakasimama juu yake kwa viatu vyao wakachungulia chini kutazama zile mbao. Nusu saa nzima. Mmoja alikuwa na kikombe cha chai mkononi, na alipotaka kupiga picha akainama, akakiweka chini, juu ya nta ya jana. Msanifu akamwita Byamungu, akamshika bega, wakapigwa picha. Ile picha ipo mpaka leo kwenye kijitabu cha maktaba. Mimi nimo pia, kiwiko.

Kikombe kiliacha duara. Nililisugua kwa kitambaa mpaka jioni na lilishatoka zamani, lakini niliendelea tu kusugua.

Baada ya siku mbili Byamungu alinifuata. Ili akate vipandio vyake sawasawa, ilimbidi ajue sakafu ya chini itafika wapi, maana urefu wote kutoka chini hadi juu unagawanywa kwa idadi ya vipandio. Zege lilikuwepo, lakini terazo inakaa juu ya zege, na unene wake anaujua fundi wa terazo peke yake. Kwetu sisi hakuna karatasi. Fundi wa sakafu anachora mstari wa penseli ukutani, seremala anaupima, basi. Hakuna anayemkagua mwenzake, ni kama kumkagua imamu idadi ya rakaa.

Nilikuwa nakijua kiwango cha kweli, nimekipima kutoka kizingiti cha mlango. Nikachukua penseli, nikachora mstari. Nikauchora juu ya ule wa kweli kwa upana wa kidole.

Mkono haukuteleza, vijana. Wala sikusahau, na macho yangu wakati ule yalikuwa yanaona sisimizi ukutani. Nilichora nikijua kwamba atakata vipandio vyote sawa hadi kwenye mstari wangu, kisha mimi nitamwaga sakafu chini ya mstari, na kipandio cha kwanza kitakuwa kirefu kuliko vingine vyote. Kidole kimoja tu. Jicho halioni, ila mguu wa mtu unaona, na unajikwaa. Nilitaka wajikwae, waseme lile fundi lao la Bukavu halijui kupima. Akanishukuru. Akaniambia aksanti yaya, akaenda kukata.

Siku ya ufunguzi mgeni wa heshima alikuja na viatu vinavyong'aa, akakata utepe, akainua mguu kupanda, akajikwaa. Akadaka reli ya ngazi. Watu wakacheka kwa adabu, naye akacheka. Mimi nilikuwa nimeegemea kabati, nangoja Byamungu aitwe. Hakuitwa mtu. Akajikwaa wa pili, akajikwaa wa tano. Nao wakacheka, wakapanda, wakasifu mbao.

Baadaye nikasikia kwa masikio yangu haya mawili mtembeza wageni akieleza. Aliwaambia kwamba kipandio cha kwanza kimeinuliwa kwa makusudi, ili mtu azinduke, ainamishe kichwa kabla ya kuwapandia wenye elimu. Wageni wakakishika kile kipandio, wakatikisa vichwa, wakasema hao mafundi walikuwa na hekima. Nikatoka nje nikakaa kwenye ukingo wa maua. Nimemtegea mtu mtego, mtego umekuwa hekima yake. Nyie mnajua wivu ulivyo, lakini wivu unaoupika mwenyewe na bado mwenzako ndiye anashiba, huo hamjauonja.

Basi miaka ikaenda. Nikastaafu, mashine yangu nikaiuza. Ile siri nikaizoea. Mpaka mwaka huu, ndipo Nakato, mkutubi mkuu wa pale, aliponipigia simu niende.

Alikuwa na habari mbaya. Mwalimu mmoja mstaafu, Mama Namusoke, anayekuja kila Jumanne kusoma magazeti juu, alijikwaa pale, akaanguka, mkono ukavunjika kwenye kifundo. Kamati imekaa ikaamua. Nakato alinieleza kwa Kiswahili chake cha Kampala, mikono kifuani kwa heshima: "Mzee Rajabu, tunafunika sakafu yote na vigae. Ikipanda kidogo, ngazi inakaa sawa. Wewe unajua hii sakafu, tuambie kama vigae itashika."

Nikamwuliza kwa nini wasirekebishe ngazi. Akanitazama kama nimemwambia tukavunje kaburi la Kabaka. Alisema watu wanatoka mbali kuja kuiona ile ngazi, kamati haiwezi kugusa hata msumari, labda mwenye kazi mwenyewe aseme. Sakafu je? Alifikiri kidogo, mtoto wa watu, akatafuta neno la kunifurahisha. Akasema sakafu ni safi.

Nilishuka kilima kile kwa miguu. Hebu pimeni. Nikinyamaza, vigae vya dukani vinakuja juu ya vipande vyangu thelathini na sita, gundi inamwagwa, na kazi yangu bora inazikwa nikiwa hai. Nikitaka kuiokoa, ni lazima ngazi ikatwe, na wa kuikubali ni Byamungu peke yake. Yaani niende kwa mtu niliyemwonea, nimwombe aikate kazi inayomfanya ajulikane, ili yangu isiyojulikana ibaki. Na siwezi kumwomba bila kumwambia kwa nini. Siku mbili chakula hakikupita. Mke wangu akadhani ni sukari, akanipima, akaniambia sukari yako haina neno, wewe una jambo.

Siku ya tatu nikaenda Namuwongo. Byamungu ana banda lake karibu na reli ya treni, anatengeneza vitanda na viti vya kanisa. Amezeeka, nywele zimekwisha, anavaa miwani iliyofungwa na waya. Alinifutia kiti kwa mkono wake. Nikaona nikianza na salamu ndefu sitamaliza, nikamwambia pale pale: ule mstari wa Makindye niliuchora vibaya, na niliuchora vibaya kwa kujua.

Alikuwa anapiga randa. Hakuacha. Akamaliza ubao mpaka mwisho, akapuliza takataka.

"Minajua, yaya," akasema. "Nilipima siku ileile ulipomaliza kusaga."

Nikamwuliza, kama alijua kwa nini hakurekebisha. Kwa seremala wa kiwango chake ni kazi ya siku moja. Akakaa. Akavua miwani.

"Sababu ya sakafu yako. Ulimwaga maji ya mwisho, mimi nilikuwa nashuka, nikaona ngazi yangu ndani ya sakafu, kichwa chini. Nikasema, sasa batu bataangalia chini tu. Kazi yangu ya mwaka mzima itakuwa kivuli ndani ya kazi ya Rajabu. Nikaacha. Nikangoja bajikwae, baseme fundi wa sakafu alikosea."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nimeahidi kusema kweli. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Furaha ya kitoto kabisa. Mtu wa ngazi ameionea wivu sakafu yangu. Miaka yote ile nilikuwa natafuta mtu mmoja aseme, kumbe alikuwepo, na alikuwa ameliweka rohoni kama mimi. Nilitaka anirudie tena lile la kichwa chini. Halafu hasira ikanipanda: alijua, aliona watu wanajikwaa miaka yote, akanyamaza. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaukumbuka mkono wa Mama Namusoke, na nikaona mimi si mtu wa kumwambia mwenzangu neno hilo. Nikafunga mdomo. Treni ya mizigo ikapita, ikatuokoa.

Ilipokwisha kupita nikamweleza habari ya vigae. Nikamwomba. Akasema yeye aikate ngazi yake kwa ajili ya sakafu yangu? Akarudia mara mbili, kama anaonja. Mwisho akasema atafanya, lakini twende pamoja kwanza tukaseme mbele ya yule mama aliyevunjika, mimi la kwangu na yeye la kwake. Alisema hawezi kushika patasi pale akiwa mwizi.

Nakato alimwita Mama Namusoke ofisini. Alikuja na mtoto wake wa kike amemshika kiwiko, mkono wa pili umefungwa. Marehemu mume wake alikuwa askari, kwa hiyo anajua Kiswahili cha kambini, kikavu, hakina mapambo. Tulisema. Byamungu alisema akiangalia kofia yake, mimi nilisema nikiangalia chini, kwenye shaba. Nakato alikuwa ameziba mdomo. Mama Namusoke alitutazama mmoja mmoja, nikajua anatafuta tusi la kutosha.

"Mimi nilianguka," akasema, "nikawaambia watoto wangu basi, nimezeeka, miguu imekwisha. Wakanikataza kutoka peke yangu. Sokoni sijaenda. Kanisani napelekwa. Kila usiku naiangalia hii miguu nasema mmenitupa. Kumbe ni nyinyi."

Hakupaza sauti. Nimetukanwa na wakandarasi, na Mzee Kanji alinitazama siku ile ya dawa kali, lakini sijawahi kusikia neno likaingia hivyo. Nilimwomba msamaha. Akasema tutengeneze kwanza, msamaha ataufikiria akiwa juu.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Kosa la kidole kizima limekaa kwenye kipandio kimoja, ndiyo maana mguu unaliona. Ukikishusha cha kwanza, na cha pili kidogo kuliko hicho, na cha tatu kidogo zaidi, na cha nne unakigusa tu, kosa limegawanyika, na mguu haulioni tena. Halijaondoka, lipo, ila hakuna anayelibeba peke yake. Kufanya sasa ndiyo tabu. Mikono ya Byamungu inatetemeka mpaka chombo kiguse mbao, kikigusa mbao inatulia. Mimi nilishika kibao, nikashika taa, nikaweka pima maji. Tuligombana siku nne. Yeye anasema bado, mimi nasema inatosha, yeye anasema wewe mistari yako tunaijua. Alilitumia neno hilo kila akishindwa hoja. Alipokata kipandio cha kwanza, ile mvule ya zamani ikatoa harufu kama imekatwa jana, nikaona machozi yake. Nikageuka nikajifanya natafuta penseli.

Tulipomaliza, kamati ilileta mtu wa vigae aje aangalie. Akapanda, akashuka, akapanda. Akasema hapa hana kazi. Sakafu yangu ikabaki.

Jumanne yake Mama Namusoke akaja, peke yake, binti yake ameachwa nje getini. Maktaba nzima ilikuwa inasoma kwa kujifanya. Alisimama chini ya ngazi akaangalia miguu yake muda mrefu, kisha akainua mmoja, akaweka, akainua wa pili. Hakujikwaa. Akaendelea polepole, vidole vinagusa reli kama anahesabu tasbihi, akazunguka mzunguko wote, akatokea juu kwenye mwanga. Akageuka, akatutafuta kwa macho, wazee wawili tumesimama chini kama wanafunzi wanaongoja fimbo.

"Byamungu," akasema, "ngazi yako ni nzuri sana. Webale, asante."

Hakuna neno la sakafu. Amesimama juu ya sakafu yangu ya kwanza, na chini yake iko ya pili, na anaisifu ngazi. Byamungu akanitazama kwa pembe ya jicho, anangoja nione wivu, na niliuona, vijana, wivu wa kweli. Nikaumeza. Nikainua uso nikamwambia, "Ukishuka, mama, shika reli."